Mutoto wa Jirani Katika Maombi ya Mama

Kila Alhamisi saa kumi, wamama wa mtaa wetu wa Ngezi walikusanyika kwetu kwa maombi, na mama yangu ndiye alikuwa kiongozi wao. Kabla hawajafika, alimfungia kaka yangu katika chumba cha nyuma, akaficha ufunguo kifuani. Kaka alikuwa amekunywa lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, miaka mingi hadi macho yakawa ya njano na tumbo likavimba. Watu waliambiwa iko kijijini Bogoro, analima.

Halafu mama anapiga magoti, anaanza kumsema mutoto wa jirani.

"Bwana, umuangalie ule kijana mwenye aliuza masufuria ya mama yake juu ya pombe. Umusamehe na mama yake, Baba, hakumulea na fimbo."

Jirani mwenyewe alikuwa hapo hapo kwenye benchi, amefumba macho. Angejibu nini? Maombi hayakatwi. Na kijana wake alikuwa ameshaacha pombe, tangu aanze kufuata dawa za daktari, lakini mama hakuchoka kumsema. Mimi nilikuwa nachemka. Injili inasema tutoe kwanza boriti katika jicho letu. Boriti yetu sisi ilikuwa inalala nyuma ya mlango, imefunikwa blanketi.

Alhamisi moja, baada ya Amina, jirani alimwambia mama kwa upole, "Mama, kesho asubuhi mutoto wangu anaenda kuona daktari wake. Iko na pikipiki. Abebe na wako?"

"Wangu iko Bogoro," mama akajibu.

Kaka akakohoa. Alikohoa muda mrefu, kikohozi cha mtu aliyeishiwa nguvu. Mama akaanzisha wimbo, na wale wamama wote, wenye walijua kila kitu, wakaimba kwa sauti kubwa ili wamsaidie mama kukifunika kile kikohozi. Jirani pia aliimba.

Asubuhi nilisimama mbele ya mama nimeshika viatu vya kaka. Nilimuomba ufunguo, nikamfokea, nikalia. Yeye alikuwa ameegemea mlango wa kile chumba, naye analia.

"Nitasimama tena mbele ya wamama namna gani?" akaniuliza.

"Wanajua, mama. Wote wanajua."

Akatikisa kichwa, akashika kifua chake kwa mikono miwili. Nje, pikipiki ilifika mbele ya nyumba yetu, ikangoja kidogo, kisha ikaenda.