Mama wa Muninga Aliyepelekwa Ngara

Nilifunga safari ya Ngara kwa sababu moja: kumpeleka mama wa muninga niliyeanza kumchonga tangu mvua za vuli. Ukumbi mpya wa wilaya ulikuwa umekamilika, na kamati ya ujenzi ilitaka sanamu mlangoni, mwenyeji anayemkaribisha mgeni. Nilimpa kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi ya huko, akakinyoosha mbele kwa mikono yote miwili. Mgongo wangu ulikuwa umekwisha. Kamati ikimkataa, sikuwa na nguvu ya kuchonga mwingine.

Asubuhi, Nyarubungo, ninakoishi. Deo, dereva wa lori, alimlaza katikati ya magunia ya mahindi, akamfunika turubai. Nilikuwa nimechoka kabla gari halijawaka.

Baada ya Lusahunga ilikuwa vumbi tu. Malori ya msaada yalitupita, na kando ya barabara watu walitembea kuelekea kambi ya wakimbizi, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Vilima nilivyovijua vina miti vilikuwa vimenyolewa kwa ajili ya kuni. Sikumlaumu mtu, maana maharage hayaivi kwa maneno. Lakini iliniuma, mimi ninayekula kwa mti.

Jioni, Kanazi. Tulilala kwa mama yake Deo, Mhangaza wa pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na njia."

Deo alifunua turubai kwa majivuno. Mama Deo alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Huyu ni mtu wa wapi?"

"Ni mwenyeji wa hapa Ngara, mama. Anamkaribisha mgeni."

"Hapana. Hajaonja."

Mimi ni Msukuma wa kuhamia, ikabidi nielezwe. Kwao mwenyeji hunywa kwanza mbele ya mgeni, ndipo humpa, ili mgeni ajue hakuna sumu. Mama wangu wa muninga alikuwa anamsukumia mtu kibuyu ambacho yeye mwenyewe hajakigusa. Nilikaa chini. Nilitamani kulia.

"Mtilie mrija," alisema mama Deo, "uelekee mdomoni mwake." Kisha akacheka kidogo. "Ingawa siku hizi hata mimi nimechoka kuonja. Wageni hawaishi."

Kulipokucha nilitoboa kibuyu, nikachonga mrija mrefu kutoka kipande cha muninga kilichobaki, nikauchomeka.

Mchana, Ngara mjini. Mwenyekiti wa kamati alimzunguka mama wa muninga mara mbili.

"Mzee, mlango wa serikali, na mwanamke anakunywa pombe? Toa huo mrija."

"Nikiutoa, atakuwa hajaonja."

Mwenyekiti ni mtoto wa huko, akanielewa. Chini ya ukuta wa ukumbi walikaa watu waliovuka mpaka kutoka Burundi, wakisubiri gari la kambini. Mwanamke mmoja, mtoto mapajani, alikuwa hamwondolei macho mama wa muninga.

"Kwao pia ni hivyo hivyo," mwenyekiti alisema. "Uache." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ila sijui tutaonja mpaka lini, mzee."

Mimi na Deo tulimsimamisha mlangoni.

Kurudi, lori lilikuwa tupu na mimi sikufurahi kama nilivyotarajia. Miaka yote nilidhani ukarimu ni kunyoosha mkono. Ngara nilifundishwa kwamba mwenyeji hutangulia kumeza. Nao wenyeji niliowaacha kule walikuwa wameshameza mengi, na mgeni bado yuko mlangoni.