Ombeni Hana pa Kutua

Sikusimuliwa na mtu. Hili limenikuta mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote, na kama wewe ni wa kucheka mambo ya namna hii, cheka sasa hivi umalize, ndipo tuendelee. Hata mimi nilikuwa wa kucheka. Mtu aliyezaliwa Kariakoo na kukulia Kariakoo ameshaona kila aina ya utapeli, hababaiki na habari za mizimu. Lakini naapa kwa Mungu, nitakayokwambia hapa nimeyaona kwa macho haya.

Ninauza vitenge na madera. Duka la ubavuni kwangu lilikuwa la Mama Ombeni, Mchaga wa Kilimanjaro, muuzaji wa vyombo kwa jumla: masufuria, mabeseni, chupa za chai. Akitoka yeye namwangalizia, nikienda kuswali mimi ananiangalizia. Mimi Mzaramo yeye Mchaga, kwa hiyo utani haukukosekana. Yeye alisema watu wa pwani tunapenda ngoma kuliko kazi. Mimi nilimwambia wao hata wakifa lazima wasafiri. Kwetu mtu akifariki asubuhi, alasiri keshalazwa makaburini. Kwao maiti inapakiwa kwenye gari, inakesha njiani mpaka Kilimanjaro, ikazikwe kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba, walipolala babu zake. Hilo nililifanyia mzaha miaka mingi, naye alikuwa anacheka na mimi.

Ombeni alikuwa mwanawe wa pekee. Amekua mbele ya macho yangu, akishusha maboksi ya masufuria mlangoni kwa mama yake, akiniita dada. Kila Desemba walifunga duka wakaenda kwao pamoja na Wachaga wengine wote. Sisi huwatania kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Desemba moja Ombeni hakurudi na mama yake. Alibaki huko akaingia kazi ya kubeba mizigo ya watalii wanaopanda mlima. Wabebaji hao wanaitwa wagumu, na jina hilo si la bure.

Siku moja theluji na upepo viliwakuta juu kabisa, karibu na kilele. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Walitafuta siku nyingi wasipate hata kofia yake.

Wazee wa ukoo walikaa kikao. Kwao, mtu akipotea hivyo na mwili usipatikane, unakatwa mgomba, unavishwa sanda, unazikwa kihambani kama ambavyo angezikwa yeye, na msiba unaishia hapo. Mama Ombeni aliwakatalia. "Mimi sikuzaa mgomba," aliwaambia. Mama mzazi akishasema hivyo, nani atashika jembe? Akarudi Dar, akafungua duka, akaendelea kuuza mabeseni kama kawaida. Nilimwonea huruma mpaka utani ukanishinda.

Sasa huko mlimani mimi nilifikaje? Sisi akina mama wa mtaa wetu tuna kikundi, na kila mwaka tunatembea mahali. Mwaka ule tukaamua Kilimanjaro, tena twende kama watalii kweli, na kofia na fimbo, tupigwe picha theluji ikiwa nyuma yetu. Tukaenda Mchikichini kuchambua makoti ya mtumba. Mimi nililipata jekundu, zito, nikalijaribu pale pale kwenye lile joto huku wauzaji wakinicheka. Mama Ombeni alikataa kwenda nasi. Siku ya kuaga aliniambia maneno machache tu: "Mwanangu, mkifika kule msipige makelele. Wazee wetu walizikwa nyuso zimeuelekea mlima ule. Si uwanja wa mpira."

Hatukuwa wa kufika kileleni, miguu yenyewe iko wapi? Ilikuwa safari ya siku moja: unaingia getini asubuhi, unapita msituni mpaka kwenye nyumba za kwanza wanapolala wageni, unakula, unashuka. Wenzangu waliyasahau maneno ya Mama Ombeni kabla hatujafika mbali. Waliimba, walipiga vigelegele, mmoja akawapigia simu wanawe awaonyeshe miti. Mimi goti langu bovu lilinibakiza nyuma, pamoja na kijana msaidizi wa kiongozi wetu. Mbele kidogo mwenzetu mmoja aliteleza akaanguka, kijana akaniambia nimsubiri, akakimbia kumwinua. Nikakaa kwenye gogo.

Manyunyu yalikuwa yanadondoka. Ghafla mawingu yakapasuka upande mmoja na nikauona ule mlima wenyewe, mweupe, umetulia, karibu kuliko nilivyodhani. Machozi yakanitoka. Nilimfikiria mtoto wa watu aliyelala huko juu bila hata mtu wa kumfunika.

Hapo nikasikia hatua zinashuka. Mgumu mmoja alikuwa anakuja peke yake, mzigo umemkalia kichwani na shingoni kama wanavyobeba. Aliponifikia akasimama.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba," nikajibu.

Mdomo ulijibu kabla ya kichwa. Kichwa kilipofika, nikamtambua. Alikuwa Ombeni. Sisemi mtu aliyefanana na Ombeni, elewa hapo. Juu ya nyusi alikuwa na kovu alilolipata utotoni, alipoanguka na boksi mlangoni kwangu. Damu yake niliiosha mimi kwa mikono hii. Kovu lile lilikuwepo. Halafu nikaona jambo jingine. Kwa baridi ile mimi kila nikipumua natoa moshi. Yeye alikuwa anaongea na mdomoni hakutoki kitu. Koti langu lilikuwa chapachapa kwa manyunyu na mabega yake yalikuwa makavu.

Nilitaka kusoma dua, nilitaka kukimbia. Lakini jamani, utamkimbia mtoto uliyemlea?

"Kariakoo hawajambo?" akauliza.

"Hawajambo. Ombeni, mdogo wangu, ndio huku uliko siku zote hizi?"

"Ndio huku huku, dada. Napandisha, nashusha."

"Basi tua mzigo upumzike kidogo."

Alinitazama kama mtu aliyechoka mpaka mwisho. "Nitautua wapi?" akasema. "Mimi sina mahali. Desemba watu wanaporudi nyumbani, na sisi wa huku tunashuka. Wenzangu kila mmoja anaingia kwake, kihambani, analala. Mimi nafika kwetu nasimama kwenye migomba, nawaona wanakula, wanacheka, wanafunga milango. Kisha narudi juu. Mwambie mama anizike, dada. Huo mgomba unatosha. Mimi nitalala."

Nilikuwa nalia kwa sauti sasa. Nikamwambia mama yake hataniamini, ataona nimetumwa na wazee wa ukoo.

"Mwambie habari ya shuka la kitandani kwangu," akasema. "Kila Jumapili akitoka kanisani analifua na kunitandikia kitanda, halafu anafunga mlango wa chumba. Hakuna anayejua. Mwambie asitandike tena."

Mimi jirani yake wa kila siku nilikuwa sijui habari ya shuka lolote. Kabla sijasema neno, nilisikia sauti ya yule kijana wetu: "Mama, unaongea na nani?" Niligeuka kumtazama, nikarudisha macho, njia ilikuwa tupu. Njia yenyewe nyembamba, huku ukingo, huku miti iliyoshikana. Nikamwambia kijana nimemwona mgumu anashuka na mzigo, nikamweleza sura yake. Alivua kofia. Halafu akanipa mkono niinuke. Tukashuka mpaka getini, na mimi picha ya theluji sikupiga.

Nilirudi Dar na homa. Nilipopata nafuu nikaenda dukani kwa Mama Ombeni asubuhi, kabla wateja hawajaanza. Nilimwomba akae. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, sikuruka kitu: pumzi, mabega makavu, mzigo, wenzake wanaolala, mgomba, shuka. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vinazunguka ukingo wa beseni. Nikajua sasa atalia, na kilio kile kitamponya.

Akainua uso. Alikuwa anatabasamu.

"Umesema anajua habari ya shuka?"

"Ndio, mama."

"Hata dada yangu wa tumbo moja hajui. Basi anakuja, mwanangu. Anakuja nyumbani nikiwa huku dukani, anaona kitanda chake. Si ndiyo? Mfu atajuaje shuka? Mwanangu mzima!"

"Mama, amesema umzike."

"Ana hasira na mimi. Nilimkataza kazi ile, hakuaga vizuri. Watoto wakikasirika si ndivyo wanavyosema? Nizikeni, nizikeni." Akanikumbatia. Alinikumbatia kwa furaha, wewe, mpaka nikasikia moyo wake unavyodunda. "Mungu akubariki. Umeniletea mwanangu."

Nilisema tena, na tena. Nilimwita mchungaji wake akaja akasema naye. Haikusaidia kitu. Mama yule alisikia neno moja tu kati ya yote niliyomwambia, kwamba nimemwona.

Alifunga duka. Akaenda kupanga chumba karibu na geti la mlima, na huko ndiko aliko mpaka leo. Anakaa kando ya njia na sweta mkononi. Kila mgumu anayeshuka anamsimamisha, anamtazama usoni, anamuuliza. Wengine wanamsalimu kwa heshima, wengine siku hizi wanampita kwa mbali. Baba mdogo wa Ombeni alinipigia simu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniambia, "Dada yangu, shemeji alikuwa ameshalegea. Wiki ile mliyosafiri alinipigia, akasema Desemba hii tukate mgomba."

Sijui nikwambieje jinsi neno lile lilivyonikaa. Mwenyewe alikuwa ameshakubali. Siku chache tu zilibaki, mtoto apate pa kulala.

Mama Ombeni hajanichukia. Kila basi likishuka Dar na mtu anayemfahamu, ananitumia ndizi na salamu za shukrani, niambiwe bado hajampata ila yuko karibu. Ndizi zile nawagawia majirani. Mimi hazipiti kooni.

Na si hilo tu. Desemba Wachaga wanapoondoka, mtaa wetu unapwaya, maduka mengi yanabaki na makufuli. Asubuhi moja ya Desemba, jua limeshakuwa kali, nilikuta mtu amesimama mbele ya duka la Mama Ombeni lililofungwa, mzigo umemkalia shingoni. Wapita njia walimpisha kama wanavyompisha mchukuzi yeyote wa Kariakoo. Aligeuka akanitazama.

"Dada," akasema, "hukumwambia?"

Nilimwambia, Ombeni. Wallahi nilimwambia. Nililitamka hilo barabarani, kwa sauti, mpaka wauza soksi wakanigeukia, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Tangu hapo kila Desemba anakuja. Nimeacha kujibu. Natoa kiti changu, nakaa upande ule wa mlango wake, tunakaa hivyo mpaka wateja wanapozidi.

Wewe unayenisikiliza, mimi si mtu wa huko mlimani na mila zao sizijui zote. Ninalojua nakupa bure. Kama una mtu wako ametoka hajarudi, na watu wa kwenu wamekwambia muda umefika, mzike. Penye mwili uzike mwili. Pasipo na mwili zika mgomba, zika shati, zika chochote ambacho mila yenu inakubali, hata kama moyo unakataa. Wewe ukisubiri una kiti cha kukalia na kitanda cha kulalia. Yeye anakusubiri wewe, naye amesimama.