Nilimfukuza Nyoka Chumbani Kwangu Bila Kupiga Yowe

Mhariri, lifiche jina langu, na la kijiji chetu pia. Anayeniandikia barua hii ni mwalimu wa misheni, na ameapa kutonitaja. Mimi ni mwanamke wa Kigogo, miaka ishirini na sita, nina watoto watatu. Tunaishi mwendo wa nusu siku kutoka boma la Wadachi hapa Dodoma, kwenye tembe moja, nyumba ya udongo mpaka paani, pamoja na mdogo wa mume wangu na mkewe, ambaye nitamwita Mama Ndahani. Chumba chake na changu vinatenganishwa na ukuta usiofika juu, na paa ni moja.

Kila aliyekulia kwenye tembe anaijua sheria ya nyoka. Kabla hujawasha moshi wa kumtoa darini unapiga yowe, na kila chumba kinatoa watoto uani. Nyoka akikimbia moshi hupita kwenye miti ya paa na kuangukia kwa jirani. Hata mtoto wa miaka mitano analijua hilo.

Mimi na Mama Ndahani tulikuwa hatusemezani mwezi mzima. Aliazima mchi wangu, akaurudisha umepasuka. Nilipomuuliza, akanijibu mbele ya wakwe, "Ulikuwa mbovu kama ulimi wako, dada." Nikautupa mlangoni kwake na kuapa kwamba hatalisikia neno langu tena mpaka aniombe radhi. Nina kiburi, sikatai.

Mchana mmoja nikaona mkia wa koboko ukining'inia juu ya kilindo cha kuhifadhia mtama. Nikawatoa wanangu. Nikawasha mavi makavu ya ng'ombe na pilipili. Nikafungua mdomo nipige yowe, nikaufunga. Nilijiambia, moshi atauona mwenyewe, ana macho. Kisha nikasikia udongo ukidondoka darini, kidogo kidogo, kuelekea upande wa pili.

Mama Ndahani alikuwa amejilaza na mwanawe, Ndahani, wa miezi minane. Nilisikia, "Yayagwe! Mwanangu!" Nilipoingia, mtoto alikuwa ameumwa shingoni, na mama yake anamponda koboko kwa mchi uleule. Alimponda mpaka kichwa kikawa tope, akaendelea kuponda sakafu. Mtoto alikata roho moshi wangu ukiwa bado unafuka.

Shemeji akatafuta wa kumlaumu. Siku moja kabla, mzee mmoja, mganga wa nyoka, alikuwa amepita kuomba maji. Basi wakasema ndiye aliyemtuma nyoka. Kesho yake shemeji na wenzake wakamfuata, wakampiga marungu mpaka mkono ukavunjika na meno yakamtoka. Mume wangu alikuwemo. Wakamburuta kwa kamba kama mbuzi, wakampeleka kwa askari wa boma. Sasa yuko mnyororoni, akingoja bwana mkubwa wa boma arudi kutoka safarini. Wanasema atanyongwa.

Walipompitisha uani kwetu, nilimpa maji. Damu yake ikaingia kibuyuni. Akaniuliza polepole, "Binti yangu, jana niliona moshi. Ulikuwa wa nani?"

Nikasema, "Sijui, babu."

Akanirudishia kibuyu changu.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu umenyamaza mara mbili, na vichwa vilivyoponzwa ni vya watu wengine. Nikisema, shemeji ataniua kwa mikono niliyoiona ikifanya kazi, na wanangu watabaki bila mama. Nisiposema, mzee asiye na kosa atakufa kwa ajili yangu.

Na Mama Ndahani sasa ananisemesha. Anashinda chumbani kwangu, hawezi kukaa chumbani mwake. Juzi alilaza kichwa mapajani mwangu, akalia, akasema, "Dada, nisamehe kwa ule mchi. Siku ukimwona nyoka mwingine, hata kama tumenuniana, niite."

Ndugu wasomaji, nishaurini kabla bwana mkubwa hajarudi. Nianze wapi, bomani au kwa Mama Ndahani?