Kibao Chekundu cha Asiatique

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na grisi hunirudisha kwenye duka la baba, mtaa wa Asiatique, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Baba aliuza vipuri vya magari, na madereva wa malori kutoka Uganda walipozidi kuja dukani akataka kibao cha Kiingereza, ingawa vibao vya mji wetu vilikuwa vya Kifaransa. Mimi, binti yake, nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza Kiingereza sekondari, na nilijiona kweli. Madereva walitamka "spea", nami sikuuliza mtu wala kufungua kamusi. Nilipanda ngazi mbele ya majirani, nikaandika kwa herufi nyekundu: SPEAR PARTS. Baba, aliyejua Kurani na Kifaransa kidogo, alirudi nyuma hadi barabarani kukitazama, uso umemng'aa kama siku ya Idi.

Rangi haijakauka, wakapita wanajeshi wa doria. Mmoja wao alikulia Uganda. Alisoma kibao, akakisoma tena, kisha akamgeukia baba.

"Muzee, unauzaka mikuki?"

Hakuna aliyecheka. Siku zile mtu aliweza kupotea kwa neno dogo kuliko hilo.

"Apana, afande. Ni piyesi za magari tu, wallahi."

"Kibao kinasema ni vipande vya mikuki. Fungua masanduku."

Waliyapindua yote. Mikanda ya injini, plagi na breki vikamwagika mavumbini, na baba akapiga magoti kuviokota, kofia yake imeanguka, majirani walewale wakitazama. Walipoona hakuna silaha, yule mwanajeshi aliuliza nani aliandika.

"Mutoto wangu," baba akajibu. "Angali anasoma."

Mwanajeshi akanieleza, kwa upole ulionichoma kuliko tusi, kwamba herufi e inakaa mwisho: SPARE. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba hakunigombeza. Alikung'uta magoti, akanipa brashi.

"Panda, mama. Andika muzuri."

Nikapanda, macho ya mtaa mzima mgongoni.

Leo Asiatique imejaa vibao vya Kiingereza, vingi vimekosewa. Vijana huvipiga picha kwa simu, wakatumiana na kucheka hadi machozi, na sioni ubaya; ni raha yao. Mimi nikiona kimoja kilichokosewa, kabla sijajua nicheke au nisicheke, nimeshageuza shingo kutazama barabarani kama kuna mwanajeshi anayekuja.