Besi ya Upande wa Dirishani

Mzungu niliyemfundisha Kiswahili Kibondo alipomaliza mkataba wake, mtaa mzima ulijua kwamba angeniachia baiskeli. Mimi mwenyewe nilijua, na nilikuwa nimeshanunua kufuli. Alikuwa mhandisi wa visima, mtu mpole mwenye masikio mekundu, na jioni tatu kila wiki, kwa miezi mitano, nilimtoa kwenye "jambo" hadi akaweza kubishana na mpishi wake kuhusu chumvi. Siku ya kuagana baiskeli akampa mpishi. Mimi akanikabidhi boksi jeusi la chuma, zito, lenye ukubwa wa Biblia ya mimbarani, na hedfoni kubwa zenye mito ya ngozi.

"Hii ni amplifaya ya hedfoni," akasema. "Inakaa mezani. Na uniandikie barua, uniambie unasikia nini."

Nilimshukuru kama mtu aliyelelewa vizuri. Kufuli nikafungia banda la kuku.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule ya msingi ya nyumbani Kasulu, nikapanda lori na boksi langu mapajani, nikililinda kama mgonjwa. Umeme hatukuwa nao, ila yule bwana alikuwa ameshaliunganishia waya wa betri ya gari, maana hata Kibondo jenereta lilikuwa la kubahatisha. Niliweka betri chini ya meza, boksi juu ya meza, na redio kaseti yangu pembeni. Hedfoni zile zilikuwa na kiburi: ukizichomeka kwenye redio moja kwa moja zinanong'ona tu. Zikipitia kwenye boksi, ukazungusha kitufe polepole na taa nyekundu ikiwaka, zinafungua mdomo.

Nilianza na kaseti ya kwaya moja ya ng'ambo ya mpaka ambayo nilidhani naijua kwa moyo. Sikuijua. Nilichojua ni kelele yake. Sasa niliwasikia watu wenyewe, kila mmoja na mahali pake, huyu kushoto, yule kulia, wengine nyuma kabisa. Kati ya soprano kulikuwa na dada mmoja aliyevuta pumzi kabla ya wenzake kila mstari, kama anayetaka kuwahi foleni. Mpiga gitaa alikuwa akiburuza kidole kwenye waya. Na katika ubeti wa pili kulikuwa na jogoo. Kwa miaka minne nilikuwa nimemchukulia jogoo yule kuwa sehemu ya ngoma, na mara mbili nilikuwa nimemsifia mpigaji mbele za watu.

Niliandika barua yangu kama nilivyoagizwa. Nilisema besi ni nene lakini haivimbi, sauti za juu ni kali bila kukwaruza, na kwa jumla sauti yote imeiva. Niliisoma upya nikajiona mtu wa maana sana.

Mke wangu hakuniona hivyo. Kwetu redio huwekwa dirishani ikitazama nje, na jirani akitaka wimbo anapaza sauti uongezwe. Mwanamume anayejiziba masikio yote mawili mchana kweupe, akitikisa kichwa peke yake ndani, huyo anakula kwa kujificha.

"Hata mbwa akipata mfupa tunamsikia," mke wangu akasema.

Basi nikawaruhusu majirani wajaribu. Walipanga foleni hadi jikoni. Kila aliyevaa alianza kupiga kelele, akidhani sisi wengine ndio tumekuwa viziwi. Waliondoka wakisema ni mashine nzuri lakini haina spika. Mimi nikabaki na utaalamu wangu. Baada ya mwezi mmoja sikuweza kupita dukani penye redio bila kukunja uso. Kanisani nilijua alto wana pengo, teno wamechoka, na soprano wanakimbizana. Juu ya besi sikuwa na neno, kwa kuwa besi niliimba mimi, tangu nilipobatizwa.

Kwaya yetu iliongozwa na mama mmoja, muuguzi wa zahanati, aliyefundisha nyimbo kama alivyochoma sindano: haraka na bila kubembeleza. Mwaka huo tulikuwa tunajiandaa kwenda Kigoma mjini kurekodi kaseti yetu ya kwanza, na mama kiongozi alikuwa amekosa raha.

"Kuna mtu kwenye besi anateremka mwisho wa mstari," alisema. "Nikisogea kumsikiliza anajirekebisha. Nikirudi mbele, anateremka tena."

Besi tulikuwa watano. Lakini macho ya watu hayakuhangaika kati ya watano, yalienda kwa mmoja. Alikuwa fundi cherehani wa pale sokoni, mtu wa Burundi aliyevuka mpaka kwa upande wa Manyovu akiwa kijana, miaka mingi kabla ya kambi hizi mpya kufunguliwa. Kisa cha kumtazama yeye hakuna aliyekisema kwa sauti. Siku hizo wakimbizi wapya walikuwa wamejaa, na swali la "kwenu hasa ni wapi?" lilikuwa limeanza kuulizwa hata kwa watu waliozika wazazi wao hapahapa wilayani, Makere, kama yeye. Naye alikuwa na jibu moja. "Mimi ni wa kwaya." Alimjibu hivyo mwenyekiti wa mtaa, akawajibu hivyo wa sokoni, na lilitosha. Mtu wa kwaya ni mtu wetu, nani amguse?

Mama kiongozi akaamua mambo yaishe kitaalamu. Siku ya mazoezi aliweka redio kaseti yangu juu ya stuli mbele yetu. Ilikuwa na maikrofoni mbili, moja kila upande. Sisi besi tulisimama mstari wa nyuma kama kawaida: fundi mwisho wa upande wa mlangoni, mimi mwisho wa upande wa dirishani, watatu katikati. Tukaimba. Kisha akanipa kaseti mbele ya wote.

"Mwalimu, wewe una mashine. Jumatano utuambie ni nani. Huyo hatakwenda Kigoma."

Fundi aliniangalia, akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, sikio lako liwe la haki."

"Litakuwa la haki," nikamjibu. Nililisema nikiwa na amani kabisa.

Jumamosi alasiri niliketi mezani, nikavaa hedfoni, nikazungusha kitufe. Wimbo haujafika mbali, mlango wa kanisa ukalia bawaba kwenye sikio langu la kulia. Ni dada mmoja wa alto aliyechelewa. Nikafurahi. Kulia ni mlangoni, basi kushoto ni dirishani, hesabu imekamilika. Karibu na mlango nikamsikia fundi. Sauti yake ilikuwa pana, imetulia, na mwisho wa mstari ilibaki palepale ilipotakiwa. Nilishangaa, na sitaficha kwamba nilisikitika kidogo, maana nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumfariji.

Ndipo kushoto mtu akateremka. Aliteremka taratibu, kama anayeshuka kitandani gizani akitafuta kandambili kwa mguu. Mstari wa pili akateremka tena. Nikajiuliza ni nani huyo anayesimama kule dirishani. Dirishani nasimama mimi. Baada yangu ni ukuta.

Nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijamsimulia mtu. Nilivua hedfoni, nikazigeuza, ya kushoto nikaiweka kulia. Kweli, yule mtu akahamia kulia, kwa fundi. Kwa dakika moja hivi nilikuwa mwimbaji mzuri. Kisha mlango ukalia, na wenyewe ulikuwa umehamia kushoto. Huwezi kumhamisha mwimbaji ukaacha mlango. Nilirudisha kaseti nyuma mara saba. Mara ya saba nilishazijua hata pumzi zangu.

Nililaumu kaseti, nikalaumu betri, nikamlaumu na yule Mzungu, kwamba angenipa baiskeli haya yasingetokea. Hilo la mwisho bado naona lina ukweli.

Jumatano nilisimama mbele ya kwaya. Nilikuwa nimekusudia kusema. Nilipofungua mdomo, nikaona watu ishirini na tano wamenikazia macho, wale wote niliokuwa nimewakunjia uso kwa mwezi mzima.

"Mashine haikuonyesha vizuri," nikasema.

Mama kiongozi, ambaye sikuwahi kumwona akilainika, akalainika. "Mwalimu ana huruma," akasema. "Hapendi kumtaja mtu. Haya, tumeelewa." Wakaguna kwa kukubali, wengine wakanitazama kwa upendo. Halafu akamgeukia fundi, akamwambia apumzike kwanza, mpaka tutakaporudi kutoka Kigoma, halafu itaangaliwa.

Nilikuwa na ulimi. Ulikuwepo kinywani, mzima, haujambo. Fundi aliinama, akachukua kitabu chake cha nyimbo, akatoka.

Siku chache baadaye nilikuwa sokoni mgambo alipomsimamia fundi barazani pale penye cherehani, akamuuliza lile swali la kwao. "Mimi ni wa..." akaanza, akaliacha hapo. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta karatasi. Nilipita upande wa pili wa wauza dagaa. Niliona aibu, lakini nilipita.

Jumapili akaja nyumbani. Nilidhani amekuja kugomba, nikawa nimejiandaa kukasirika.

"Amahoro, mwalimu. Nimekuja kushukuru," akasema. "Umenisitiri mbele za watu. Najua ulinisikia, ukakataa kunitaja. Murakoze." Akashika kofia kwa mikono miwili. "Sasa nina ombi. Na mimi nisikie. Nijue naharibu wapi, nijifunze. Labda mwakani watanirudisha."

"Betri imekufa," nikasema. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza ili asione taa nyekundu.

"Hiyo si shida."

Kabla sijapata uongo mwingine, alikuwa amefungua waya, ameinua betri, ameifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli yake, na ameisukuma kwenda kwenye mashine ya kusaga walikokuwa wanachaji. Aliirudisha kesho yake jioni, jasho linamtoka kwa kile kilima chetu.

"Yule wa mashine ameshangaa," akaniambia huku akiifunga waya. "Anasema ilikuwa bado imejaa. Nimemwambia aongeze tu, mwalimu ndiye anayejua."

Nikamvalisha hedfoni, sikuwa na la kufanya. Akafumba macho. Mlango ulipolia akagusa sikio la kulia, akapiga kelele kama wote, "Mlango!" akacheka. Midomo yake ikaanza kuifuata sauti yake mwenyewe. Alikuwa na furaha, jamani. Mstari ukafika mwisho. Midomo ikasimama. Mkono wake wa kushoto ukapanda polepole, ukagusa sikio la kushoto, ukabaki hapo.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena, mkono ukiwa palepale. Akarudisha mara ya tatu mwenyewe, kitufe alishakijua. Alipofumbua macho hakunitazama usoni. Alinitazama hapa, kooni. Mimi nilikuwa natazama taa nyekundu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa maharage, amesahau kupepeta. "Enhe," akauliza, "kumbe ni nani hasa?"

Fundi akavua hedfoni. Akafuta mito yake kwa mkono wa shati, mmoja baada ya mwingine, akaziweka juu ya boksi.

"Ni mimi, mama mwalimu," akasema. "Mashine imeonyesha vizuri sana."

Akavaa kofia, akaniaga kwa heshima zote. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Ilikuwa pana kutoka mezani hadi mlangoni, na mlangoni hadi kwenye baiskeli, na alitembea taratibu. Nilisema, "Karibu tena."

Wiki iliyofuata kwaya ilikwenda Kigoma. Kaseti ilitoka na nyimbo nane. Nimo katika zote.