Barua ya "Mtazamaji wa Kigobe" Niliiandika Mimi

Admin, nifiche jina, maana Bujumbura ni ndogo na ukitaja tu mtaa wangu nimekwisha. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na wengi wenu mnaniona kwenye televisheni. Naendesha kile kipindi cha kusoma maoni ya watazamaji. Siku hizi mnatuma sauti kwa WhatsApp na kututukana mtakavyo, lakini kilianza na sanduku la mbao kwenye duka moja pale Jabe. Watu walitumbukiza barua, nami ndiye niliyetumwa kulichukua kila Ijumaa.

Wakati huo habari za Kiswahili zilisomwa na rafiki yangu, nimwite Zuhura. Tulifanya majaribio siku moja, akachukuliwa yeye, mimi nikapewa sanduku. Yeye anapakwa poda, mimi nabeba mbao. Wivu ulinikaba, sioni haya kusema.

Wiki moja zilikuja barua mbili tu, zote za kulalamikia umeme. Nikaandika ya tatu mwenyewe, nikatia jina la uongo, "Mtazamaji wa Kigobe", kama vile imetoka mtaa huo. Nilisema yule msomaji ana jino la mbele la kubandika, linacheza akitamka, na sisi nyumbani tunangoja litoke lituangukie kwenye sahani. Mtangazaji wa kipindi cha barua wakati huo aliisoma akicheka mpaka akafuta machozi. Nilidhani yataishia hapo. Wiki iliyofuata sanduku lilijaa hadi kifuniko hakifungi, na hizo hazikuwa zangu. Watu wazima, wenye familia zao, walikaa wakaandika kuhusu jino la binti wa watu. Wengine walichora.

Zuhura akaondolewa, mimi nikakaa kwenye kiti chake, na baadaye nikapewa na kipindi chenyewe. Alikuwa na mchumba, kijana wa familia yenye maduka. Mama wa kijana akasema hataki mkwe anayechekwa na mji mzima. Uchumba ukavunjika, na Zuhura hajaolewa hadi leo. Anauza vitambaa sokoni, na akiongea anaziba mdomo kwa mtandio. Ndiye aliyenisaidia kulea wanangu. Wanamwita mama mdogo.

Sasa kituo kinaandaa historia ya kipindi chetu, itarushwa moja kwa moja Jumamosi hii. Wakubwa wameitoa ile barua kwenye katoni, eti ndiyo iliyofanya kipindi kipendwe. Wanataka Zuhura aje, isomwe, acheke pamoja nasi. Nilijua atakataa. Jana akaja kwangu, akakaa jikoni akinisaidia kuchambua mboga za lengalenga.

"Nimekubali," akasema. "Lakini niliwaambia ni we utaisoma, apana mutu mwingine."

Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Sababu ile jino nilikuambiaka we peke yako. Hata mama alikufa hajui."

Miaka yote hiyo alikuwa anajua! Amekula kwangu, amewabeba wanangu mgongoni, na anajua. Nikamwambia, "Dada, nisamehe." Hakuacha mboga zake.

"Mi siko na kasirani. Utaisoma, utamaliza, utasema nani aliandika. Usiposema, mi nitasema. Batoto bako nimebaalika, batakaa mbele."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia mwenye mdomo kama wake angenyamaza tu. Ndiyo, muda mfupi baada ya kuomba msamaha. Hakulia. Alishusha mtandio, akacheka wazi mbele yangu, na pale mbele hamna jino lolote, ni pengo tupu. Halafu akanawa mikono, akaniaga vizuri, akaenda zake.

Msiniletee mahubiri ya toba, kwa Mwenyezi Mungu nitajibu mwenyewe. Nikijifanya mgonjwa, atasema bila mimi. Nikisoma, wanangu watayasikia kutoka kinywani mwangu. Na msijifanye wasafi, wengine mnaosoma hapa mliandika barua zile kwa mikono yenu. Basi nishaurini, kushauri mnakujua: niwaambie wanangu leo, wanichukie nyumbani, au ningoje Jumamosi wanichukie mbele yenu?