Kreni Iliyovalishwa Bango

Watu wengine upepo ukivuma husema afadhali, joto limepungua. Shangazi yangu huuliza: kilo ngapi? Yeye ni injinia kwenye karakana inayounda kreni, na kazi yake ni kukadiria upepo utaisukuma kreni kwa nguvu gani ikiwa kazini, ili vyuma viwe na unene unaostahili na mwendeshaji ajue wakati wa kusimama. Hata nyumbani haaniki shuka kabla hajaitilia shaka kamba. Mimi humchorea michoro, na humtania. Diploma yangu iliishia katikati kama daraja la ahadi za kampeni.

Ana namba moja anayojivunia kuliko hata wale pacha wake: ishirini. Upepo ukifika mita ishirini kwa sekunde, kengele inalia ndani ya kibanda cha kreni na kazi inasimama.

"Ishirini yangu haiguswi," humwambia kila mtu, hasa mumewe, ambaye ndiye anaendesha mojawapo ya kreni hizo. Mafundi wanamwita Mwewe, kwa kuwa anashinda juu, na akishuka ujue ameona chakula.

Asubuhi ile tulikwenda kwenye jengo analofanyia kazi Mwewe, Shangazi akague bolti. Tulipokata kona alisimama ghafla, nikamkanyaga kisigino.

"Nani ameivalisha nguo?"

Mkandarasi, ambaye wote wanamwita Tajiri, alikuwa amefunga turubai refu kwenye mkono wa kreni, lina jina la kampuni yake na picha yake akichekelea. Wageni wake walikuwa wamekuja kuona jengo, wamekaa hemani kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa. Juu, Mwewe alikuwa ameninginiza bando la nondo. Na upepo ulikuwa umeanza kuokota vumbi.

"Bosi, mzigo ushuke sasa hivi," Shangazi akasema.

"Injinia, kengele haijalia. Nimemuuliza Mwewe redioni, upepo ni kumi na moja tu. Si wewe uliyesema ishirini?"

"Nilisema kreni ikiwa haijavalishwa kitu! Vyuma vyake ni kama wavu, upepo unapita katikati. Umeuziba na turubai, unataka upite wapi, puani mwako?"

"Kitambaa tu hicho, mama."

"Hata mwavuli ni kitambaa. Hujawahi kunyang'anywa mwavuli?"

Hapo mkono wa kreni ukaanza kuzunguka wenyewe. Breki ikalia kama mbuzi. Nondo zikaliacha rundo la kokoto zilipokuwa zitue, zikaelea polepole kuelekea hemani, na nyuma ya hema ni barabara, imejaa watu.

Shangazi akampokonya mfunga mizigo redio yake.

"Baba Pacha, shusha."

"Kengele iko kimya, Mama Pacha. Nabishana na breki tu, itashika."

"Haitashika. Shusha hapo hapo."

"Chini yangu kuna hema! Halafu namba yako imebandikwa hapa mbele ya macho yangu. Ishirini! Umeniimbia tangu tuoane!"

Mafundi wote walikuwa wanamtazama.

"Namba yangu leo ni ya uongo," akasema. "Umenisikia? Kengele haina habari na bango. Achana nayo. Nisikilize mimi."

Redio ikakoroma. Shangazi akanigeukia. "Na wewe, domo lako leo lina kazi. Toa watu hemani!"

Kuwaeleza wale wageni habari za upepo kungechukua muhula mzima, na mihula mimi huwa simalizi. Nikapiga ukelele: "Nyuki! Nyuki!"

Hema likabaki tupu. Tajiri alitangulia, kiatu kimoja mkononi.

Nondo zikashuka. Nguzo za hema zikapinda, viti vikavunjika kama bisi kwenye sufuria, halafu kamba ikalegea. Mfunga mizigo akakimbia kufungua minyororo.

"Mzigo umefunguliwa," Shangazi akasema redioni. "Achia breki. Mkono uufuate upepo."

Mkono ukageuka wenyewe, ukatulia ukielekea upepo unakokwenda, Tajiri wa bangoni akipigapiga huko juu na tabasamu lake.

Mwewe aliposhuka alikalia kipago cha mwisho cha ngazi.

"Haikulia hata mara moja," akasema. "Ningekufa nimeitegea sikio."

Shangazi akaketi kando yake mavumbini, na sketi yake ya kazini iliyopigwa pasi. Akaomba penseli yangu, akaandika na kufuta juu ya kipande cha boksi. Mwewe akawa anachungulia.

"Haya, na bango lile, namba ilipaswa kuwa ngapi?"

"Kumi."

Mwewe akatazama juu kwenye kibanda chake, kule alikokuwa amesoma kumi na moja. Akamshika mkewe mkono, wenye penseli yangu, na mimi sikuidai.